Misuli ya mwalimu wa mazoezi haithibitishi kwamba anajua kufundisha

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya Dar es Salaam: "Ukitafuta mwalimu wa mazoezi, angalia mwili wake kwanza. Asiye na misuli hawezi kukupa misuli." Si kweli.

Mwili uliojengeka unaonyesha kwamba mwenye nao amejifua. Hauonyeshi kama anaweza kumfundisha mama wa miaka 55 mwenye goti linalouma. Misuli hutokana na mengi: urithi, umri, chakula, usingizi, miaka ya mazoezi, na kwa wengine dawa za homoni, ambazo kwa macho huwezi kuzitambua. Naye mwenye kitambi huenda amejifungua karibuni, au anauguza jeraha.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, kwa sababu mwili huonekana pichani na ujuzi hauonekani. Ila tafadhali, ukiupata ujumbe huo usiusambaze. Unawapeleka wanaoanza kwa watu wanaoweza kuwaumiza.

Ujuzi unapimika. Omba kuona cheti, kisha uwaulize waliokitoa. Omba pia kipindi kimoja cha majaribio, uwe ufukweni Coco Beach au kwenye jimu ya mtaani Sinza. Je, anakuuliza kuhusu maradhi, majeraha na dawa unazotumia kabla hujashika chuma? Anarekebisha mgongo wako unapochuchumaa, au yuko kwenye simu? Anayempa kila mtu ratiba ileile, mimi ningemwacha hata kifua chake kiwe kimejaa vipi. Mwenye presha, kisukari au ujauzito amwone daktari kwanza, ndipo atafute mwalimu.