Watoto waacheni waende shule, hiyo BRAF ni ya uvimbe

Nimeulizwa tena, mimi wa maabara ninayepima vinyama vya uvimbe, na safari hii si na jamaa wa mgonjwa bali na daktari mwenzangu: "Mama huyu ana papilari ya thairoidi, jibu lenu linasema BRAF V600E. Ana watoto wanne. Tuwalete lini kupimwa?"

Msiwalete. Waacheni waende shule.

Papilari ni aina mojawapo ya saratani ya thairoidi, ile tezi ya shingoni; BRAF ni jeni, na V600E ni badiliko lake. Najua kosa hili linakotoka. Huku kwetu mtu akisikia DNA anamkumbuka Mkemia Mkuu na kesi za mtoto ni wa nani, kwa hiyo ukitamka vinasaba tu, mawazo yanakimbilia ukoo: baba, mjomba, bibi aliyekuwa na goita. Lakini mimi sikupima damu ya mama huyu. Nimepima kinyama kilichotolewa shingoni mwake, kikalala kwenye fomalini, kikazamishwa kwenye nta, kikakatwa vipande vyembamba vya mikroni chache. Badiliko nililoliona lilizuka kwenye seli ya tezi yake akiwa ameshazaliwa, seli hiyo ikazaana, uvimbe ukatokea. Mayai yake ya uzazi hayahusiki kabisa. Baba aliyewahi kukatwa panga mguuni hazai watoto wenye kovu.

Tena BRAF si kitu cha kushangaza. TCGA, mradi wa Marekani wa kuchambua jeni za saratani, ulipochapisha mwaka 2014 uchambuzi wa papilari karibu 500, takriban 60% zilikuwa na badiliko la BRAF. Wala si hukumu ya kifo. Hospitali ya Kuma, Kobe, tangu 1993 wanawafuatilia wagonjwa wenye vipapilari visivyozidi sentimita moja bila kuwapasua, na vingi havikui, ilhali BRAF imejaa kwenye vivimbe vya aina hiyo. Ikiambatana na badiliko la jeni nyingine, TERT, hapo nashtuka, maana uvimbe wa hivyo huwa mkali zaidi. Ikiwa peke yake, naangalia kwanza ukubwa, matezi ya shingo na kama uvimbe umetoboa kutoka nje ya tezi.

Sasa tuje kwenye jeni nyingine, RET, maana hapa ndipo presha yangu inapopanda.

Kwenye papilari, RET ikihusika huwa imekatika na kuungana na jeni nyingine. Watoto wengi wa Belarus na Ukraine waliopata saratani hii baada ya Chernobyl mwaka 1986 walikuwa na muungano wa namna hiyo, kwa sababu ya iodini ya mionzi waliyoinywa kwenye maziwa. Huo ni mionzi, si ukoo. Halafu mtu anasoma neno RET kwenye jibu la papilari, anaingia mtandaoni, anakuta "ugonjwa wa kurithi", na jioni familia nzima iko kwenye kikao.

Kwenye medula, aina nyingine ya saratani ya thairoidi, habari ni nyingine. Huko RET haijaungana na kitu, imebadilika herufi moja tu. Chukua badiliko linaloitwa M918T. Linaweza kuwa limezuka ndani ya uvimbe peke yake, na hapo watoto hawana la kuogopa. Linaweza pia kuwa mtu alizaliwa nalo, na hapo kila kitu kinabadilika. Kwenye jibu la kinyama hali hizo mbili zinaandikwa vilevile, herufi kwa herufi, kwa sababu aliyezaliwa na badiliko analo mwili mzima, hata kwenye uvimbe. Wapo wanaojaribu kubashiri kwa kuangalia asilimia ya DNA yenye badiliko: ikikaribia 50 basi ni ya kuzaliwa. Uvimbe uliojaa seli za saratani unatoa asilimia hiyohiyo. Msibashiri, chukueni damu.

Na damu ichukuliwe kwa kila mgonjwa wa medula, hata yule anayeapa kwamba kwao hakuna aliyewahi kuvimba shingo. Karibu robo ya medula ni za kurithi, na mgonjwa anaweza kuwa wa kwanza katika ukoo wake. Damu ikionyesha badiliko, kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa nalo, na sasa ndiyo, waleteni. Mtoto aliyezaliwa na M918T anashauriwa kuondolewa tezi ndani ya mwaka wake wa kwanza. Mwenye badiliko kwenye kodoni 634, sehemu nyingine ya RET, afikapo miaka mitano au kabla. Na kabla ya yeyote wa ukoo huo kupandishwa mezani, hakikisheni kwamba hana uvimbe kwenye tezi za juu ya figo, la sivyo shinikizo la damu litawapandia akiwa usingizini na mtajuta.

Kichekesho ni kwamba wanaosumbuliwa ni watoto wa BRAF, huku watoto wa medula wakisahaulika nyumbani.

Kuna mambo hata sisi hatuyapendi. Zipo familia ambazo papilari inawapata ndugu wawili, watatu, na mara nyingi hatuna jeni ya kuinyooshea kidole. Hao nawashauri ultrasaundi, maana BRAF ya dada haimwambii mdogo wake lolote. Jambo jingine ni jeni za RAS. Mgonjwa amechomwa sindano kwenye uvimbe, jibu ni Bethesda III au IV, yaani seli hazisemi wazi kama ni saratani, tunapima, tunakuta badiliko la RAS. Inapatikana kwenye adenoma zisizo na ubaya wowote na kwenye saratani ya folikula pia. Daktari wa upasuaji anataka ndiyo au hapana, mimi nina "labda". Vipimo vya jeni vya kibiashara kama Afirma na ThyroSeq vimethibitishwa zaidi kwa wagonjwa wa Marekani, na jibu la "ni salama" linapungua nguvu kadiri saratani zinavyokuwa nyingi miongoni mwa wanaopimwa. Wagonjwa wetu wanakuja wamechelewa, uvimbe kama chungwa. Mara nyingi, kumkata upande mmoja wa tezi kunatibu na kutoa jibu kwa wakati mmoja, na kwa pesa kidogo.

Pa kukimbilia ni anaplastiki, saratani ya thairoidi iliyo kali kuliko zote. Huko BRAF naitaka ndani ya siku chache, na rangi ya VE1, inayoonyesha V600E juu ya slaidi, inaweza kutangulia wakati DNA inasubiriwa, kwa sababu dawa za dabrafenib na trametinib, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa huu, hufanya kazi pale tu V600E ilipo. Kuzipata dawa zenyewe ni vita nyingine.

Ila nanyi wa theatre mnisaidie. Kinyama kinachofika kimesokomezwa kwenye chupa ya maji ya kunywa kiliingia laini, kikakakamaa humo ndani, na mimi nalazimika kuipasua chupa kwa mkasi ili nikitoe. Fomalini imefika nusu, katikati nyama imeoza, DNA imebaki vipande vipande. Leteni mtungi wenye mdomo mpana, fomalini ya 10% yenye bafa, mara kumi ya ujazo wa nyama, mwandike saa kilipotolewa, na kinifikie kabla ya siku tatu. Mkihisi ni medula, ongezeni chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau.