Throtlingi: laptopu ya gemu inapojipunguza kasi yenyewe

Unafungua gemu, dakika kumi za mwanzo inateleza vizuri, fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) 90 kwa sekunde. Halafu, hujagusa mpangilio wowote, zinaporomoka hadi 40, picha inarukaruka na feni zinavuma. Ukiifunga ukaiacha ipoe kidogo, ukirudi mambo ni shwari, kwa muda ule ule tu. Hiyo ndiyo throtlingi ya joto: chipu inajipunguza kasi ili isipite kiwango cha joto ilichowekewa kiwandani. Ni ulinzi, na mara nyingi kadi ya grafiksi, yaani chipu inayochora picha za gemu, ni nzima kabisa.

Umeme unaoingia kwenye chipu huishia kuwa joto. Joto hilo hubebwa na mabomba membamba ya shaba hadi kwenye mapezi, yaani vibati vyembamba vilivyopangwa pembeni ya laptopu, na feni hupuliza hewa katikati yake. Laptopu nyingi za gemu zina prosesa na kadi ya grafiksi zinazotumia mabomba hayo hayo, kwa hiyo moja ikichemka, nyingine nayo inapata joto. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na kadi nyingi za NVIDIA za laptopu huanza kujizuia kwenye nyuzi 87 hivi. Zikifika hapo hupunguza megahezi (kasi ya chipu) na volti. Joto linashuka, na fremu zinashuka nalo.

Hali ya hewa yetu inaingia moja kwa moja kwenye hesabu hii. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 32 mwezi wa Februari kimezidi kwa nyuzi 10 chumba cha nyuzi 22 chenye kiyoyozi, na chipu nayo hupanda kwa karibu kiasi hicho hicho. Ndiyo maana laptopu iliyopimwa kwenye video ya ughaibuni ikafanya vizuri inaweza kukuangusha ukiitumia sebuleni kwako.

Kabla ya kumlipa mtu, pima. Weka programu ya kupima kama HWiNFO au MSI Afterburner, cheza, kisha tazama namba pale pale fremu zinaposhuka. Joto liko 87 na megahezi zimeanguka? Ni throtlingi. Joto liko 70 na kadi inafanya kazi kwa asilimia 99? Kadi imefika mwisho wa uwezo wake, punguza ubora wa picha. Kadi ya NVIDIA inaonyesha asilimia 0? Gemu inatumia grafiksi ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Ingia kwenye mipangilio ya grafiksi ya Windows uichagulie kadi kubwa. Nasisitiza hili kwa sababu mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Windows mpya haiondoi vumbi.

Na vumbi ndilo mkosaji mkubwa. Fungua mfuniko wa chini, utazame pale feni inapokutana na mapezi: utakuta utando wa kijivu umeziba njia yote, na kwa nje ulikuwa hauonekani. Ukipuliza kwa blowa bila kufungua, unausukuma ndani zaidi. Shika pangaboi za feni kwa kidole unapopuliza, zisije zikazunguka kupita kiasi na kuharibu beringi. Laptopu ikiwa na miaka kadhaa, pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu huenda imekauka. Ifutwe ipakwe mpya. Usichezee kitandani, maana godoro huziba matundu ya chini. Na kitu cha bure chenye faida kubwa: weka kikomo cha fremu 60. Kadi haitachoma umeme kutengeneza fremu usizozihitaji.

Kuna throtlingi nyingine isiyotokana na joto, ya umeme, na hii usafi hauiponyi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa wati kuanzia 35 hadi 115, kadiri mtengenezaji alivyoamua. Laptopu mbili zenye stika moja zinaweza kupishana mbali sana, kwa hiyo ukienda dukani uliza wati za kadi, usiishie kwenye jina. Chaja ndogo ya wati 65 nayo inaibana mashine iliyokuja na chaja ya wati 230. Kwenye betri ndiyo kabisa: betri ya wati-saa 60 ingemalizwa na kadi ya wati 100 peke yake ndani ya dakika 36, kwa hiyo laptopu hujibana mara tu unapochomoa waya. Fremu zikishuka sekunde ile ile umeme unapokatika, hakuna cha kutengeneza. Subiri umeme urudi.