Gari Likikosa Nguvu Mlimani, Usikimbilie Kununua Sensa

Mzee mmoja alituletea gari karakanani, taa ya injini inawaka na chini ya boneti kuna sensa mbili mpya kabisa. Lilimwishia nguvu akipanda Kitonga kuelekea Iringa. Kanyagio limefika chini, gari linajikongoja, hadi lori la mizigo likamwashia indiketa na kumpita. Fundi wa kwanza alipima kwa mashine, ikatoka namba ya kosa P0171, akabadilisha sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Baada ya siku mbili taa ikarudi. Fundi wa pili akabadilisha sensa ya hewa. Ikarudi tena.

P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema hewa imezidi petroli, basi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na kuibadilisha kwa sababu hiyo ni kumfukuza mlinzi aliyepiga kelele za mwizi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna gari linalokosa nguvu kwa sababu kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, inadanganywa bila kujua. Na kuna gari ambalo kompyuta yenyewe imeamua kulibana ili lisilete madhara.

Mfano wa kwanza ni sensa ya hewa iliyo jirani na eakilina, yaani kichujio cha hewa. Ndani yake mna kiwaya chembamba kinachopashwa moto. Hewa ikipita inakipoza, na umeme unaohitajika kukirudishia joto ndio unaoiambia kompyuta hewa iliyoingia ni kiasi gani. Kikishika vumbi kinahesabu hewa pungufu, petroli nayo inatolewa pungufu, na mlimani ndipo utakapoona. Isafishwe kwa dawa yake maalumu. Usiiguse kwa kidole wala brashi, na tafadhali usiipeleke kwa fundi pancha aipulize kwa kompresa. Kiwaya kile hakivumilii upepo huo.

Mfano wa pili ni kanyagio la mafuta kwenye magari yasiyo na kebo. Lina sensa mbili ndani, na kompyuta inazilinganisha kila wakati. Kwenye Toyota nyingi za aina hii, moja ikiharibika kompyuta inafuata iliyobaki. Zikiharibika zote, inahesabu kwamba umeondoa mguu, na injini inabaki kwenye silensa, yaani mzunguko wa chini wa injini bila kukanyaga mafuta, hata ukanyage vipi. Hitilafu ikiwa kwenye mota ya kufungulia hewa, umeme wake unakatwa na springi inaacha upenyo mdogo tu, wa kukufikisha pembeni mwa barabara. Hapo gari halijafa, linajihami.

Kuna kipimo ambacho hata asiye fundi anaweza kukifanya, akiwa na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chini ya dashibodi na kusoma kwa simu. (Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huenda yasisomeke kwa vifaa vya bei ndogo.) Alfajiri, kabla ya kuwasha injini, washa swichi tu, kisha soma joto la maji ya rejeta na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha halina sababu ya kutofautisha sana hizo mbili. Ukiwa Dar es Salaam hewa inasoma 27 na maji yanasoma -40, basi waya umekatika au soketi imechomoka, kwa sababu baridi hiyo haipo hata Kibo, kileleni Kilimanjaro. Panya wanapenda sana nyaya hizi. Kagua waya kabla ya kufikiria duka.

Ombi langu kwa mafundi wenzangu: msichomoe tamino ya betri ili kuzima taa. Mnafuta namba ya kosa pamoja na kumbukumbu ya mwendo, joto na mzunguko wa injini wakati kosa lilipotokea, na baadhi ya magari yanasahau hata kushika silensa vizuri. Kwa dereva, taa ikianza kumwekamweka punguza mwendo na utafute mahali salama pa kusimama: injini inamisi, yaani petroli haiungui ipasavyo ndani yake, na petroli isiyoungua inaweza kuunguza kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi.

Turudi kwa mzee. Kwenye silensa, petroli ambayo kompyuta ilikuwa ikiongeza ilisoma asilimia 3, hali ya kawaida. Tukaweka gia ya D, breki imekanyagwa, tukagusa mafuta kidogo: ikapanda kupita 20. Mwanafunzi mmoja akapitisha kidole chini ya mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye sensa hadi kwenye injini, akakuta ufa wa urefu wa kiberiti. Injini ikitulia ufa unajifumba. Ikiegemea upande kwa nguvu ya kuondoka, unafunguka na kuvuta hewa ambayo sensa haikuihesabu.

Mpira ulibadilishwa, akapanda Kitonga bila shida. Sensa mbili za kwanza bado anazo kwenye buti, nzima, na mpya haziwezi kurudi: duka halipokei kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa kwenye gari.