Mkimuacha kocha, mlipeni na nauli ya kwao

Kila ligi zikikaribia kuisha sisi tunaoshughulika na usuluhishi wa migogoro ya kazi hapa Mbeya tunaanza kuwaona makocha. Anakuja mtu na bahasha ya kaki, ndani ina barua moja au hana barua kabisa, ana simu tu yenye meseji ya grupu la WhatsApp inayosema chama kinamshukuru mwalimu kwa huduma yake na kinamtakia kila la heri. Basi. Hiyo ndo barua yake ya kuachishwa kazi. Mwaka huu malalamiko ya aina hii yamenichosha moyo, ndo maana nimeomba ruhusa ofisini niandike, maana naona pande zote mbili hazijui kinachotakiwa na ninaamini viongozi wengi wa vyama vya mpira si watu wabaya, wanafanya kwa mazoea.

Kuna kocha mmoja sitamtaja, na chama chake pia sitakitaja maana mambo ya usuluhishi ni siri. Alitolewa Tanga kuja kufundisha kombaini ya wilaya, akakaa miaka miwili, familia ikamfuata wakapanga Uyole. Timu ikafungwa mechi kadhaa, kamati ikakaa jioni, asubuhi akakuta mazoezi yanaendeshwa na mtu mwingine. Mshahara wa miezi mitatu anadai, jezi na mipira iliyopotea wakamuandikia deni, nyumba mwenye nyumba anaitaka. Kila akimpigia katibu anajibiwa subiri mwalimu, mgao unakuja. Akasubiri miezi minne na baridi ya Uyole mnaijua, mke akaanza kukaanga vitumbua barabarani wapate kula. Kila nikilikumbuka faili lile naumia, kwa sababu sheria ilishamuwekea karibu kila alichokuwa analilia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema ukimwachisha mtu kazi mahali tofauti na ulikomchukulia, unamrudisha. Unamsafirisha mwenyewe na mizigo yake, au unalipia usafiri wake, au unampa posho ya usafiri mpaka kule ulikomtoa. Na hapa ndo viongozi wanashtuka nikiwaambia: zile siku zote kati ya tarehe ya kuachishwa na tarehe ya kumsafirisha yeye na familia yake, mwajiri anatakiwa kumgharamia matumizi ya kila siku. Kwa hiyo huyo katibu anayesema subiri mgao anadhani anaokoa hela ya chama kumbe kila kukicha anakiongezea deni. Nauli ya basi Mbeya mpaka Tanga na gari ya vyombo mngetoa wiki ya kwanza mngekuwa mmemaliza.

Sasa kuna hili la "mpira hauendi mahakamani", naomba tulimalize leo. Katazo la kupeleka mambo ya mpira mahakamani lipo kwenye kanuni za mpira, sawa, lakini kanuni za FIFA zenyewe kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, ibara ya 22, zinatambua haki ya mchezaji, kocha, klabu au chama kutafuta haki kwenye vyombo vya kiraia kwa migogoro ya ajira. Migogoro ya ajira! Kocha akidai mshahara hajapinga matokeo ya mechi. Kama anataka kuanzia kwenye kamati za TFF aanze, ni njia nzuri tu, ila ajue siku zake za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali cha kumaliza migogoro ya kazi, hazimsubiri.

Siku zenyewe ni hizi. Ukiachishwa isivyo halali una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine ya kikazi ni siku 60 tangu mgogoro uanze. Mimi nawashauri wote mhesabu 30. Unajaza fomu namba moja ya Tume, nakala unampelekea mwajiri kwanza na uwe na uthibitisho kwamba ameipokea, saini au muhuri, halafu ndo unaifungua Tume. Hulipii chochote. Shauri linafunguliwa pale mgogoro ulipotokea, kwa hiyo wa Mafinga asije Mbeya, aende Iringa. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba uongezewe muda na unaeleza chini ya kiapo kwa nini ulichelewa, na yule wa Uyole ndo alipokwama, maana kuahidiwa na katibu si sababu ambayo naweza kukuhakikishia itakubaliwa. Jamani, ahadi ya kwenye simu haisimamishi siku. Fungua shauri halafu muendelee kuongea, hakuna anayekukataza kuongea.

Baada ya hapo mnaitwa usuluhishi, unatakiwa kumalizika ndani ya siku 30. Mlalamikaji asipotokea shauri lake linaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea msuluhishi ana mamlaka ya kuliamua bila yeye, nasema hili kwa sababu vyama vingi vikipata wito vinaona kama ni barua ya mwaliko wa harusi. Mkishindwana linakwenda kwenye uamuzi, yaani mwamuzi wa Tume anawasikiliza na kuamua. Tuzo, yaani huo uamuzi, ikitoka na hamkulipa inakaziwa, mnalazimishwa kulipa, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kama hukumu nyingine yoyote, na anayepinga ana wiki sita za kuomba mapitio.

Hoja ninayoisikia kila siku ni kwamba huyu hakuwa mwajiriwa, alikuwa anapewa posho, hana mkataba. Hapana. Ukimpangia mtu saa za mazoezi, ukampa vifaa, akawa anategemea hela yako kuishi, sheria ya taasisi za kazi inamchukulia ni mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo, hata uiite posho, asante au hela ya sabuni. Na mwajiri akishindwa kuleta maelezo ya ajira kwa maandishi mbele ya Tume, mzigo wa kukanusha anachodai kocha unakuwa wa mwajiri. Yaani kutompa mkataba kunawaumiza nyinyi kuliko yeye.

Kufungwa nako si kosa la kinidhamu. Kama tatizo ni kiwango, mwambieni, mpeni muda na msaada, msikilizeni kabla ya kuamua. Kama ni utovu wa nidhamu, mpeni tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 au mlipe badala yake. Halafu mishahara aliyofanyia kazi, likizo ambayo hakwenda, na kama amemaliza miezi 12 kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, isipokuwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu au mkataba wake umeisha muda wenyewe. Hiyo mipira iliyopotea msiikate kienyeji: mueleze kwa maandishi hasara imetokeaje na ni kiasi gani, apate nafasi ya kupinga, na makato ya namna hiyo hayazidi robo ya malipo yake.

Makocha wa kigeni wana mlango wa FIFA, na huko hakuna mchezo. Zimbabwe mwaka 2015 waliondolewa kwenye kufuzu Kombe la Dunia la 2018 kwa sababu ya deni la kocha wa Kibrazili. Kenya waliamriwa kumlipa kocha wao Adel Amrouche zaidi ya shilingi milioni 100 za kwao baada ya kumuondoa mwaka 2014, huyuhuyu aliyekuja kufundisha Taifa Stars. Taifa zima linakosa mechi kwa sababu watu wachache hawakutaka kukaa mezani na mtu mmoja.

Na kwa viongozi wapya mnaoingia baada ya uchaguzi, tafadhali msimwambie kocha awafuate waliomleta. Aliajiriwa na chama. Katibu anaondoka, mwenyekiti anaondoka, chama kipo palepale na deni linabaki la chama.

Mwisho kuna kitu kidogo ambacho hata chama kisicho na senti kinaweza kukitoa, cheti cha utumishi. Karatasi moja, inasema fulani alifanya kazi hapa kuanzia tarehe fulani mpaka fulani kama kocha. Ni haki yake kwa kifungu cha 44 na bila hiyo anapokwenda kuomba timu nyingine anaonekana kama mtu aliyekaa miaka miwili bila kazi. Yule wa Uyole mpaka anapanda basi alikuwa hajapewa. Kama na wewe chama chako kina kocha aliyeondoka msimu huu na hamjamuandikia, muandikieni leo, pigeni muhuri, mumpigie simu aje achukue.