Si Umwandikie Tu?

Wiki iliyopita binti mmoja kiziwi niliyemfundisha miaka ya nyuma alirudishwa kutoka kliniki bila kupimwa. Alifika alfajiri, akapanga foleni, zamu yake ikafika, akaulizwa kwa ishara ya mkono mdomoni kama amekula. Akaitikia kwa kichwa, tena kwa fahari. Chai na chapati mbili. Muuguzi akawaka, kwa sababu siku tatu kabla alikuwa amempa karatasi yenye mwandiko safi kabisa: "Usinywe wala usile chochote kabla ya kipimo." Namba yangu ilikuwa kwenye faili, basi lawama zikanifikia mimi. "Mwalimu, huyu si amemaliza la saba? Mimi nilimwandikia!"

Nilimwandikia. Nimeambiwa hivyo na karani wa benki, na mchungaji, na mwenyekiti wa mtaa, na, Mungu anisamehe, na walimu wenzangu. Hasikii lakini macho anayo, si umwandikie tu?

Karatasi binti alikuwa nayo bado. Nilimwomba anieleze kwa lugha ya alama alivyoielewa. Alitoa alama tatu: KUNYWA, KULA, KIPIMO. Na alifanya hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo. Hakukaidi maagizo ya muuguzi. Aliyatii.

Maandishi ya Kiswahili ni Kiswahili. Naona aibu kuandika sentensi ya namna hiyo, lakini inaelekea kuna watu wanaodhani maandishi ni kitu cha pembeni, kama picha, ambacho kila mwenye macho atakielewa. Mtoto anayesikia anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita ya Kiswahili kichwani. Hatumfundishi lugha pale, tunamwonyesha tu jinsi lugha anayoijua inavyokaa kwenye karatasi. Ba, be, bi, bo, bu: anaunganisha ba na ba, anasikia "baba", anacheka. Mtaala mzima wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) umesimama juu ya kicheko hicho. Mtoto kiziwi nikimpa ba, be, bi, bo, bu, kwake ni michoro mitano. Ataninakilia vizuri sana. Wanafunzi wangu wana mwandiko mzuri kuliko wa kwangu, na mwandiko huo ndio unaowadanganya wageni wakija kukagua madaftari.

Wengi wa watoto hawa wamezaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua alama hata moja. Wanatufikia wakiwa na miaka minane, wengine kumi, na alama za nyumbani wanazoelewana na mama tu: kula, lala, njoo, fimbo. Nimepokea watoto wasiojua kwamba wana jina. Lugha yao ya kwanza wanaipata bwenini, jioni, kwa watoto wakubwa. Kwangu hawaipati, nisijisifu.

Kisha mtu ananiambia, "Mbona mjomba wangu ni kiziwi na anasoma gazeti?" Namuuliza alipata uziwi lini. Homa ya uti wa mgongo, akiwa darasa la tatu. Basi huyo alikuwa na Kiswahili chake tayari, masikio ndiyo yaliyoondoka. Usimlinganishe na aliyezaliwa hasikii.

Sasa nije kwenye linalonikera hasa. Watu hudhani tatizo ni msamiati. Wafadhili wanatuletea chati za picha: kikombe, ng'ombe, mwembe. Tunashukuru, kuta zimejaa. Lakini Kiswahili hakimshindi kiziwi kwenye kikombe, kinamshinda kwenye kitenzi. Chukua "kula". Mtoto anajifunza neno hilo na picha ya mtu na sahani, analijua barabara. Kesho anakutana na "hujala". Keshokutwa "usile", "hali", "walishwe", "kimeliwa". Mzizi wenyewe ni herufi moja, l, na hata hiyo "ku" aliyoikariri mara ipo mara haipo. Sisi tunaosikia tuliyameza haya yote kabla ya kung'oka meno ya utoto, ndiyo maana hatuoni ugumu wake. Yeye anatafuta "kula" ndani ya "usile", haioni, anabahatisha. Binti yangu alibahatisha vizuri mno, alijua ile "le" ina undugu na kula. Kilichompita ni "si".

Na "si" ndiyo iliyobeba maana yote! Kukanusha kwetu kumejificha ndani ya neno kama kokoto kwenye wali. Anakula, hali. Amekula, hajala. Alikula, hakula. Kila wakati na mtego wake. Katika alama, kukataa kunaonekana: kichwa kinatikisika, uso unakunjamana, mkono unafukuza. Mtu aliyezoea kuona "hapana" ya ukubwa huo, unamwekea herufi mbili katikati ya neno halafu unamlaumu.

Ipo pia w ya kutendwa. Andika ubaoni "Juma alipigwa na Ali", uliza nani analia. Darasa langu karibu lote litasema Ali. Wanasoma Juma, piga, Ali, na ile w nyembamba wanaipita kama jiwe la barabarani. Nimeipaka rangi nyekundu. Nimeiandika kubwa kama nyumba. Nikiifuta rangi, Ali anaanza kulia tena.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaosema alama hazina sarufi. Kitenzi "pa" katika lugha ya alama kinasafiri. Nilikupa: mkono unatoka kwangu kuja kwako. Ulinipa: unatoka kwako kuja kwangu. Mtoto mwenye alama anajua sawasawa nani kampa nani, ugomvi wa bwenini usingewezekana bila sarufi hiyo. Kazi yangu basi ni kumwonyesha kwamba ule mwendo wa mkono Waswahili wameukata vipande, "ni" na "ku", wakavibandika mbele ya "pa". Ikimwingia unaiona usoni, na siku hiyo nalala vizuri. Mtoto asiye na alama wala Kiswahili, hiyo "ni" na "ku" nitaibandika kwenye nini?

Kusoma midomo, haraka haraka. Simama mbele ya kioo, sema bila sauti: baba, papa, mama. Umeona tofauti? Hata mimi sijaiona, na nalipwa kwa kazi hii.

Vifaa vya kusikia navyo si miwani. Kwa baadhi ya watoto vinasaidia sana, kwa wengine ni kama kuongeza sauti ya redio isiyoshika stesheni, kelele inapanda pamoja na maneno. Wenye usikivu hafifu ndio ninaowahurumia zaidi, maana wanaonekana wanasikia. Wengi hupoteza kwanza sauti kali nyembamba kama s na sh. Mwambie mtoto huyo "usiende" uone kama hataondoka. Huko shule za kawaida anaitwa mtukutu, au mzito. (Na neno "bubu" liacheni, jamani. Wana lugha.)

Kwamba alama zitamharibia mtoto kusema, na kwa hiyo afundishwe kwa mdomo tu, hilo lilipigiwa kura mwaka 1880 huko Milan, Italia, na mkutano wa walimu ambao karibu wote walikuwa wanasikia. Mwaka 2010 mkutano kama huo, uliofanyika Vancouver, uliyakataa maazimio yale na kueleza masikitiko. Miaka 130. Sina la kuongeza.

Ila nina la kukiri. Nilipotoka Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, na kwa miaka mingi baadaye, nilifundisha kwa kusema na kutoa alama kwa pamoja, kwa mpangilio wa Kiswahili, nikiamini watoto wanaona Kiswahili kamili mikononi mwangu. Siku moja mwenzangu alinirekodi kwa simu. Nikajiangalia na sauti nimeizima. Mdomo unatoa sentensi nzima, mikono inatoa maneno matatu. Viambishi vyote vimebaki mdomoni, wasikoviona. Mpangilio ulikuwa wa Kiswahili, sarufi haikuwa ya Kiswahili wala ya alama. Yule binti wa chapati alikaa darasani kwangu miaka hiyo hiyo. KUNYWA, KULA, KIPIMO. Huenda alikuwa ananisoma kama nilivyomfundisha.

Siku hizi natenganisha: hadithi kwanza kwa alama tupu, mpaka waigombanie, halafu karatasi, mstari kwa mstari. Inaenda vizuri kuliko zamani, lakini polepole, na muhula hauningoji. Vitabu vinasema lugha ya kwanza ikishika, ya pili itafuata. Nimefundisha watoto wanaosimulia kwa alama mpaka mpishi anaacha sufuria aje kutazama, na bado tangazo la mkutano wa wazazi linawashinda. Mtoto asiye na alama simwoni akifika popote, hilo silibadilishi. Mwenye alama tu, bila mtu wa kumvusha kwa makusudi kila siku kwenda kwenye maandishi, naye simwoni akivuka. Daraja halijijengi. Na akishavuka, kidato cha kwanza tunamngoja na Kiingereza.

Kwa muuguzi nilisema machache kuliko haya. Nilimwomba siku nyingine apige simu ya video, mimi au mkalimani tutafsiri. Akishindwa, aandike sentensi moja kwa kila jambo na achore saa. Halafu amtake binti aoneshe alichoelewa, asiridhike na kuitikia kwa kichwa, maana wanafunzi wangu wamejifunza mapema kwamba ukiitikia, mtu anayesikia anatabasamu na kukuacha uende.

Jana asubuhi alirudi kliniki. Saa mbili na nusu nikapata ujumbe wake: "Mimi leo kula hapana. Kunywa hapana. Foleni refu. Mwalimu chapati leta."