Netiboli: "hakukusudia" si utetezi wa mchezo wa hatari

Mwamuzi akisimamisha muda na kumtoa mchezaji nje kwa mchezo wa hatari, uwanja wa netiboli hapa Tanga huwaka. Benchi linalalamika, wazazi waliojipanga kwenye mstari wanapaza sauti, na jioni ubishi unahamia vibarazani na kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu. Hoja huwa ni zilezile: binti hakukusudia, mpira ulikuwa wa wote wawili, mwamuzi ameiua mechi. Sisi wa kitengo cha mazoezi tiba hospitalini tunakutana na upande wa pili wa ubishi huo siku chache baadaye, pale mchezaji anapoingia akichechemea huku ameshikwa mkono na mama yake.

Niseme msimamo wangu mapema. Mwamuzi anayemwadhibu mchezaji aliyeingia chini ya mwenzake aliye hewani anafanya kazi yake, hata kama aliyeingia hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kanuni za World Netball, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinasema mchezaji haruhusiwi kutenda jambo linaloweza kuhatarisha usalama wa mwingine, ama kwa makusudi ama kwa uzembe. Watu wengi hulisikia neno "makusudi" wakaishia hapo. Uzembe umo ndani ya kanuni pia. Mchezaji aliyejirusha bila kuangalia mwenzake atatua wapi hakukusudia kuumiza, lakini amezembea, na mwamuzi anakipima kitendo chenyewe. Wala kanuni haisubiri mtu avunjike. Inatosha kwamba kitendo kingeweza kumuumiza mwenzake, kwa hiyo kelele za "mbona ameinuka, mbona anacheza" hazibadilishi kitu.

Kwa nini aliye hewani alindwe kiasi hiki? Jibu liko kwenye mchezo wenyewe. Katika netiboli mwenye mpira hakimbii nao. Akidaka lazima asimame. Mguu uliotangulia kutua ukishanyanyuliwa haurudi chini kabla hajaachia mpira, na mpira anatakiwa auachie ndani ya sekunde 3. Mchezaji wa kikapu akidaka kwa kasi anaweza kudunda na kuendelea na mbio zake. Wa netiboli hana pa kuipeleka kasi ile. Yote inaishia kwenye kifundo cha mguu na goti, kwa hatua moja au mbili, mara nyingi juu ya saruji yenye mchanga au kwenye udongo mgumu wa uwanja wa shule.

Tazama sasa tukio lenyewe. GA, mshambuliaji anayeruhusiwa kufunga, anatoka mbio kufuata pasi ya juu ya senta, mchezaji wa katikati, karibu na duara la kufungia. Kabla hajaruka ameshaona atakapotua, na pako wazi. Anaruka, macho na mikono juu. GD, mlinzi anayemkaba, amechelewa nusu hatua. Naye macho yake yako kwenye mpira, anajitupa mbele na mguu wake unaingia pale pale. GA anashuka, nusu ya unyayo juu ya kiatu cha mwenzake, nusu hewani. Unyayo unapindukia ndani na kano za upande wa nje wa kifundo zinavutika au kuchanika. Kifundo kikihimili, mzigo unapanda juu: goti linaingia ndani, paja linazunguka, na kano ya mbele iliyo katikati ya goti inabeba nguvu isiyoiweza. Wengi hutuambia walisikia kitu kikilia "ta!" ndani ya goti, na kabla ya kulala goti lilikuwa limejaa.

Kifundo kilichoteguka ndilo jeraha la kawaida zaidi katika netiboli, na kwa kawaida hupona vizuri kikihudumiwa mapema. Kano ya goti ni habari nyingine. Ikichanika kabisa mara nyingi huhitaji upasuaji, na kurudi uwanjani huchukua miezi 9 au zaidi ya mazoezi ya kila siku. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu hiyo ina maana msimu mzima wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, umepita, na wapo wasiorudi kabisa. Wasichana katika michezo ya kuruka na kugeuka huchanika kano hii mara nyingi kuliko wavulana wa michezo hiyo hiyo. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya majeraha haya hutokea bila mchezaji kuguswa na mtu. Anatua vibaya tu. Kuna wanaoitumia hoja hii kumtetea mlinzi. Mimi naiona inamhukumu zaidi: ikiwa goti linaweza kuchanika kwa kutua vibaya peke yako, basi kumsukuma mtu kidogo kwa nyonga akiwa hewani kunatosha kumfanya atue vibaya.

Kuhusu adhabu, mashabiki waliolelewa na soka husubiri kadi. Netiboli haina utamaduni huo. Mwamuzi husimamisha muda na kumwambia mchezaji kwa mdomo. Kwa kawaida hupanda ngazi: anamtahadharisha, anampa onyo, kisha anamsimamisha kwa dakika 2 za mchezo, na hali ikizidi anamtoa moja kwa moja. Kitendo kikiwa kizito mno, halazimiki kupitia ngazi zote. Katika zile dakika 2 nafasi yake haijazwi, timu inacheza sita badala ya saba. Aliyesimamishwa akiwa ni senta, timu inaruhusiwa kumhamisha mchezaji mmoja kushika nafasi hiyo, maana bila senta mchezo hauendi.

Hapo ndipo wanaposema mechi imeuawa. Nawaelewa. Mlinzi mmoja akikosekana kwenye duara, mabao huingia mfululizo, na wasichana sita waliobaki wanaumia kwa kosa wasilolifanya. Lakini uzito huo ndio unaomfanya kocha afundishe, na wiki inayofuata utamwona kocha yule yule anawapanga walinzi wake na kuwaelekeza namna ya kuchelewa bila kuingia chini ya mtu.

Lalamiko ninaloliunga mkono ni la waamuzi kukosa msimamo. Mwamuzi akiacha vikumbo vipite robo tatu nzima, kisha robo ya mwisho akamtoa mtu kwa kitendo kilekile, benchi lina haki ya kushangaa. Mara nyingi mwamuzi huyo ni mwalimu wa shule jirani, amesimama hatua mbili kutoka kwa watu wanaomjua kwa jina, na anaogopa kuonekana anapendelea. Dawa yake ni filimbi ya mapema. Kikumbo cha kwanza cha hewani kiadhibiwe dakika ya tatu kwa pasi ya adhabu na maneno mawili ya tahadhari, na wote uwanjani watajua mpaka uko wapi. Waamuzi wawili wakikubaliana hivyo kabla ya mechi, itakuwa nadra kufika kwenye kumtoa mtu.

Makocha nao wafundishe kutua kama wanavyofundisha kufunga. New Zealand wana programu iitwayo NetballSmart inayofanya hivyo, na haihitaji vifaa. Katika kupasha misuli moto, wachezaji waruke na kutua kwa miguu miwili, magoti yakikunjwa na kuelekea vidoleni, yasiingie ndani. Wakishaweza, watue kwa mguu mmoja, halafu watue huku mwenzao akiwasukuma kidogo begani. Walinzi wajifunze kuruka juu wima badala ya kuruka mbele. Na uwanja ufagiliwe kabla ya mechi, kwa sababu changarawe juu ya saruji inateleza kuliko watu wanavyodhani.

Mtu akiumia, msimkande kwa maji ya moto wala kumchua siku hiyo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bandeji ya kubana kiasi, mguu uinuliwe. Asipoweza kukanyaga hatua nne, au goti likivimba siku hiyo hiyo, aletwe hospitali. Aliyepigwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akaona ukungu, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa, naye aletwe hospitali bila kusubiri kesho.

Kwa wasioridhika na uamuzi, kanuni imeacha mlango: kapteni anaweza kumfuata mwamuzi wakati wa mapumziko na kuomba ufafanuzi wa kanuni. Kocha amwandae kapteni wake swali la kuuliza, kwa mfano: "Mwamuzi, mlinzi wangu asimame wapi mwenzake akiwa hewani?" Jibu la swali hilo lina manufaa kwa robo inayofuata.