Je, wajua? Kwa nini kapteni mwenye saa 15,000 huanzia mkiani akiajiriwa na shirika kubwa la ndege

Rubani amefanya kazi miaka ishirini. Kitabu chake cha kumbukumbu kina saa 15,000 angani, na nusu yake alikuwa kapteni. Sasa anaajiriwa na Delta, United au American. Siku ya kwanza darasani anapewa nambari, na nambari hiyo iko chini kabisa ya orodha. Ataketi kiti cha kulia kama rubani msaidizi, kwa mshahara uleule wa mwaka wa kwanza anaolipwa kijana wa saa 2,000 aliyeketi dawati la jirani. Kapteni atakayemwongoza huenda ana saa chache kuliko zake. Hajafanya kosa lolote, na hakuna aliyemdharau.

Dhana iliyozoeleka, na inayowapoteza hata wanaoandika kuhusu usafiri wa anga, ni kwamba saa ndizo cheo cha rubani: ukizikusanya za kutosha, unahama nazo kama fundi anavyohama na ujuzi wake, na tajiri mpya anakupanga kulingana na unachokijua. Kwa mashirika makubwa ya Marekani sivyo. Saa humfungulia rubani mlango tu. Ndani ya mlango kuna hesabu nyingine, inayoitwa ukongwe, yaani muda tangu uanze kazi katika shirika hilo, na inaanza sifuri kwa kila anayeingia.

Dhana hii imeota mizizi kwa sababu ya nambari moja maarufu: 1,500. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari 3407, ilianguka karibu na Buffalo, New York, na kuua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Mwaka 2010 Bunge la Marekani likapitisha sheria, na tangu 2013 rubani yeyote wa shirika la abiria, hata msaidizi, lazima awe na leseni ya juu kabisa ya urubani, ambayo kwa kawaida hudai saa 1,500 na umri wa miaka 23. Jambo linalosahaulika ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshavuka kiwango hicho: kapteni alikuwa na saa 3,379 na msaidizi wake 2,244. Ndiyo maana mjadala kama sheria ile ndiyo iliyoongeza usalama, au ni mabadiliko ya mafunzo na mapumziko yaliyofuata, haujaisha.

Hata hiyo 1,500 ina milango ya pembeni. Aliyetoka jeshini anaweza kuruhusiwa na saa 750, mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa na saa 1,000, mwenye stashahada ya miaka miwili na 1,250, wote kuanzia umri wa miaka 21. Ndani ya jumla hiyo lazima ziwemo saa fulani za usiku, za kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege pekee na za ndege ya injini mbili. Asiyezipanga mapema hujikuta ana 1,500 kamili na bado hafai kufanya mtihani, kwa sababu amezungukia uwanja mmoja mchana kweupe kwa injini moja.

Turudi kwenye nambari. Fikiria foleni ya watu 10,000 isiyoruhusu mtu kumpita mwenzake, hata awe hodari namna gani. Foleni husogea kwa njia moja tu: walio mbele wakitoka. Sheria inawatoa wakifikisha miaka 65. Tuseme, kwa mfano tu, wanatoka 400 kila mwaka. Aliyeingia leo akiwa wa 10,000 atakuwa wa 8,000 baada ya miaka mitano, na wa 6,000 baada ya kumi. Kama kiti cha kapteni kwenye ndege ndogo kabisa ya shirika hupatikana kuanzia nafasi ya 7,000, atakifikia baada ya miaka saba na nusu. Saa zake 15,000 hazimo popote katika hesabu hiyo.

Sasa chukua rubani wa pili, aliyekubaliwa siku ileile lakini akaomba kuanza miezi sita baadaye ili amalizie shughuli zake. Katika mfano huu watu 200 wameingia mbele yake. Walio wakubwa kwake kwa umri watastaafu kabla yake na kumwachia nafasi; walio wadogo watabaki mbele hadi siku yake ya mwisho kazini. Wao watachagua kwanza mji wa kituo, aina ya ndege, zamu za mwezi na wiki za likizo. Hii ndiyo sababu marubani hushauriana kushika darasa la kwanza linalopatikana. Hata ndani ya darasa moja kuna mpangilio, na mashirika kadhaa humweka mbele aliyezaliwa mapema, kwa kuwa atatoka mapema.

Foleni ya namna hii inaweza pia kuganda. Desemba 2007 umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 60 hadi 65. Kwa karibu miaka mitano hakukuwa na aliyelazimishwa kutoka kwa sababu ya umri. Waliokuwa mbele walipata miaka mitano ya ziada kwenye kilele cha mshahara, na waliokuwa nyuma walisubiri palepale walipokuwa. Kinyume chake ni msukosuko wa biashara: shirika likipunguza watu, hukata kuanzia mkiani, na likiwarudisha, huwaita kwa mpangilio wa orodha.

Kwa nini wenye kazi waukubali mfumo unaoonekana kudharau ujuzi? Hoja ya vyama vya marubani ni kwamba cheo kikitegemea kupendwa na meneja, rubani anayekataa kuruka kwenye dhoruba atakuwa anahatarisha kupandishwa kwake. Foleni isiyojali sura humwacha huru kusema hapana. Ni hoja nzuri, ingawa kuipima kwa takwimu ni kazi ngumu. Vilevile ukongwe haumpi mtu ukapteni bure. Zamu yake ikifika lazima awe na saa 1,000 katika kazi ya shirika na afaulu mafunzo. Akishindwa hurudi kiti cha kulia.

Thamani ya nambari huonekana vizuri mashirika yanapoungana, kwa sababu hapo foleni mbili zinapaswa kuwa moja. American ilipolinunua shirika jingine la ndege, TWA, mwaka 2001, marubani wengi wa TWA waliwekwa mwishoni mwa orodha. Malalamiko yao yalichangia sheria ya 2007 inayotaka muungano wa orodha uwe wa haki. Mashirika mengine mawili, US Airways na America West, yaliungana 2005. Msuluhishi George Nicolau akatoa orodha yake 2007, na marubani wa US Airways wakaikataa kwa hasira kiasi cha kukiondoa chama chao 2008 na kuunda kingine. Kwa miaka shirika moja likawa na makundi mawili ya marubani yasiyochanganyika chumba kimoja cha urubani. Orodha moja ilipatikana 2016, baada ya shirika lenyewe kuungana na American.

Si kila nchi hufuata njia hii. Emirates, kwa mfano, imewahi kutangaza nafasi za ukapteni kwa watu wa nje. Ndani ya Marekani, mashirika madogo ya kikanda nayo yamewachukua makapteni moja kwa moja wakati wa uhaba. Kiti wakapewa cha kushoto, yaani cha kapteni, lakini nambari ikabaki ya mwisho. Kapteni wa mwisho kwenye orodha ya makapteni ni mtu wa kupigiwa simu saa tisa usiku.

Kwa anayeomba, makosa yanayomwangusha mara nyingi ni ya karatasi. Jumla ya saa kwenye fomu haifanani na ile ya kitabu. Saa za uanafunzi zimehesabiwa mara mbili. Mtihani wa urukaji alioshindwa haukutajwa. Hili la mwisho ni baya zaidi, kwa kuwa shirika lazima lisome rekodi zake kwenye hifadhidata ya FAA, mamlaka ya anga, na kufeli kumo humo. Kufeli mara moja na kueleza alichojifunza huvumilika. Kuficha kwamba ulifeli hugeuka suala la uaminifu. Shahada ya miaka minne, iliyokuwa sharti kwa muda mrefu, imelegezwa. Delta iliiondoa kwenye masharti yake Januari 2022, japo inabaki kuwa nyongeza nzuri.

Akipita usaili, ahadi ya kazi huwa na masharti: kipimo cha dawa za kulevya, alama za vidole, uchunguzi wa historia yake. Yafuatayo ni darasa, simuleta (mashine inayoiga ndege), kisha saa 25 za kuruka na abiria chini ya mkaguzi kwa ndege za jeti, na saa 100 ambazo lazima azimalize ndani ya siku 120. Halafu kapteni wetu wa saa 15,000 anapewa zamu ya kusubiri, kwa kawaida kwenye kituo ambacho wenye nambari bora hawakukitaka, na sikukuu zote za mwaka wa kwanza anazipitisha karibu na simu.